Yule Aliyeandika Jina Lako Ubaoni

S.L.P. 418,
Kitengela.
10 Juni 2025

Mpendwa dada Caro,

Supa sana, mtoto wa baba mkubwa. Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima, na watoto pia, na kwamba mvua haikuozesha nyanya zako kama mwaka jana. Magoti ya Koko, mama wa baba zetu, yanaendeleaje? Mwambie dawa ya kupaka nimempa mume wangu Leshan ailete pamoja na barua hii. Anakuja huko Illasit kununua vitunguu, na akianza kuringa kwamba ana haraka, mnyime chai.

Sisi huku tuko salama. Upepo wa Kitengela ni ule ule, vumbi kwa nguo, vumbi kwa sufuria, na maji bado ni ya kununua kwa lori la boza.

Ningekupigia simu, lakini kila nikifika pahali patamu mtandao wa kwenu hukatika, na habari hii sitaki ikatike. Keti chini kwanza. Nimempata Mbugua.

Ndiyo, huyo huyo. Mwalimu wetu wa Kiingereza wa Form Two pale Kajiado.

Shule yetu ilikuwa inatafuta naibu wa mwalimu mkuu. Mimi ndiye mkuu wa idara ya lugha, kwa hivyo niko kwa kamati ya kuhoji watu, pamoja na Madam Waruguru mwenye shule na Bwana Oscar wa hisabati. Nilipoona jina lake kati ya waombaji nililisoma mara mbili. Kisha nikatulia kabisa, dada. Kila mwombaji lazima awafundishe wanafunzi somo moja mbele yetu, na kwa walimu wa Kiingereza mada nachagua mimi. Wengine niliwapa insha. Yeye nikampa ile mada yake ya zamani, vivumishi vya ugumu na urahisi vikifuatwa na kitenzi. Hard to hivi, easy to vile. Nilitaka aukanyage mwiba wake kwa mguu wake.

Alikuja na suti ya kijivu na kipara. Akaniita Madam Leshan, kwa sababu hapa najulikana kwa jina la mume. Hakunitambua hata kidogo. Nikafurahi.

Alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Akaandika The exam is hard to pass, mtihani ni mgumu kupita. Akaandika Githeri is easy to cook, githeri ni rahisi kupika. Halafu akataka jina la mtu, na macho yake yakamwendea msichana mmoja mkimya pale nyuma. Akamwuliza jina, akaandika, Kui is hard to teach. Kui ni mgumu kufundishwa. Darasa zima likacheka. Kui akainama hadi sikuona uso wake tena. Mimi nikaona uso wako.

Najua hujasahau, na sikuandikii haya kukuumiza. Alikuita uende kwake Jumamosi umfulie nguo, ukakataa mbele ya wasichana wenzako. Jumatatu akaandika ubaoni, Caroline is easy to get. Caroline ni rahisi kupatikana. Akasema ni sarufi. Kabla wiki kuisha vijana wa soko la Kajiado walikuwa wanakuimbia, na maneno yakamfikia baba yako kwa Kimaa, bila sarufi yoyote. Akakutoa shule, akakupeleka kwa Koko, na mimi nikabaki kwa dawati letu peke yangu.

Somo lilipoisha watoto walitoka kwa chai. Ubao ulikuwa bado umejaa mwandiko wake. Madam Waruguru akauliza kama tuko na maswali. Nikasimama, nikachukua chaki.

"Mwalimu, hapa kwa Kui is hard to teach, anayefundisha ni nani?"

"Ni mwalimu," akasema.

"Na anayeshindwa?"

Akatabasamu. "Hiyo sentensi haisemi."

"Haisemi," nikamwambia. "Lakini lawama imeenda kwa Kui."

Nikaandika mbili chini yake. Oscar is eager to help. Oscar is easy to help. Nikamwomba atueleze tofauti, naye akaeleza sawasawa. Kwa ya kwanza Oscar ana hamu ya kusaidia, yeye ndiye anatenda. Kwa ya pili Oscar ndiye anasaidiwa, na anayemsaidia hatajwi. Bwana Oscar mwenyewe akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hivyo anayetendwa amewekwa pale mbele, kwa kiti cha mtendaji," nikasema, "na mtendaji amejificha. Ni kama mtu aibe ng'ombe, halafu ng'ombe ndiye apelekwe kwa chifu."

Madam Waruguru akacheka. Mbugua pia akacheka. Nilimwacha acheke mpaka amalize.

Kisha nikaandika, Caroline is easy to get.

"Na hapa mtendaji ni nani, mwalimu?"

Dada, ningetoa ng'ombe ungeuona huo uso. Aliangalia ubao, akaniangalia mimi, akarudi kwa ubao.

"Wewe ni Nalangu," akasema.

"Jibu swali. Rahisi kwa nani? Nani alikuwa anajaribu kumpata?"

"Huo ulikuwa mfano tu."

"Huo mfano uko Illasit, analima nyanya. Alikuwa anataka kuwa daktari wa mifugo. Nani alimwita nyumbani kwake Jumamosi?"

Madam Waruguru akavua miwani, akamwambia maneno kwa Kikuyu, polepole. Sikuyaelewa yote, lakini aliyeambiwa aliyaelewa. Akachukua mkoba wake akatoka.

Alinifuata baadaye hadi kwa lango. Akaomba msamaha, akaomba nambari yako ya simu ili akuombe wewe pia. Nikamwambia hupatikani.

Shirleen wa kanisani ananiambia kisasi ni cha Mungu. Sawa, Mungu achukue chake, mimi nimeshachukua changu. Mbugua alikuwa ameomba kazi nyingine shule moja ya Gataka, kule Rongai, na mkuu wa huko ni rafiki wa Madam Waruguru. Madam alimpigia huyo rafiki yake simu siku hiyo hiyo. Na hiyo kazi pia imekufa. Nililala kama mtoto aliyeshiba maziwa.

Lakini kuna mwingine ambaye sikuwa nimemalizana naye. Jumapili nilienda Kajiado kwa baba yako. Mzee bado alikuwa anaamini yale ya soko. Nikamweleza kwa Kimaa, na ule mfano wa ng'ombe wangu na chifu wangu, mpaka akaelewa hiyo sentensi imejengwa vipi.

"Kwa hivyo mwalimu alikuwa anajisema mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, papa. Na hata hakufaulu. Caro alimkataa."

"Sasa mimi nilimwadhibu nani?"

Nilitaka imuume, na niliona ikimuuma. Akainuka, akaingia bomani, akazunguka ng'ombe wake mmoja mmoja akiwashika migongo. Akachagua yule mtamba wa madoa. Anakuja naye kwako Jumamosi, na hajui atakuambia nini. Aliniuliza mimi aseme nini, nikamwambia sijui.

Sasa sikiza shauri la mdogo wako. Ukiona lori lenye mtamba limesimama barabarani usikimbie kumpokea mzee. Maliza kuchuma nyanya zako. Mtamba mpe maji, hana kosa. Mzee muache asimame pale nje kwa jua, Koko asimtolee hata kigoda, mpaka ayapate maneno mwenyewe na uyasikie kwa masikio yako. Ukishayasikia, utaamua wewe kama siku hiyo kwako kuna chai.

Nisalimie Koko, watoto wote, na jirani yako Kalekye. Enkai awalinde, shamba lizae, na mlango wako usikose wageni wa heri.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye na nisiyesahau,

Nalangu