Wino Kwenye Mkono wa Kushoto

Kingsbury, London
Machi 2004

Mjukuu wangu Salma,

Huku tu wazima, ila babu yako bado anagombana na hita. Umeniuliza ufanyeje na yule mwanafunzi wako huko Malindi asiyeshika unachomfundisha.

Nilipofika London miaka ya tisini, nilimhudumia bibi mgonjwa aliyejua Kiurdu tu, basi nikaenda kujifunza kila Jumamosi. Mwalimu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi, alishafundisha zaidi ya miaka thelathini. Tuliandika kwa kalamu za mwanzi. Mimi ni mashoto, kila herufi yangu ilikwaruza karatasi. Kwa kuona haya nikamwambia siji tena.

"Nipe wiki moja," akasema.

Jumamosi iliyofuata vidole vyake vya kushoto vilikuwa vyeusi kwa wino. Akanifungulia daftari lililojaa herufi zilizopinda kama za mtoto. Zilikuwa zake, kaziandika kwa kushoto.

"Sasa nimejua unapokwama," akasema, akanipa kalamu aliyonichongea upya kwa mkono wa kushoto.



Kalamu hiyo imo humu kwenye bahasha. Usimpe mwanafunzi wako. Iandikie wewe, kwa mkono usiouzoea.

Bibi yako