Dengu za Mbegu Zimeliwa

Abu Ghanim, uko? Nina hasira.

Dengu za mbegu zimeliwa. Zile alizokuwa akizichagua marehemu mke wangu, mama Mundhir, punje kwa punje, miaka yote ile. Nilizitundika jikoni ndani ya mfuko wenye majivu. Baridi yote hii tunapanga bustani: vitunguu huku, kabichi kule, na mvua zikikatika, upande wote wa juu dengu.

Mkwe wangu Rudayna kazichemsha, kazisaga na ufuta na ndimu. Eti kwa ajili ya wageni wa Mundhir.

Na mimi nimekula, ndugu yangu. Nimekula, nikafuta sahani kwa mkate. Nikamwambia, "Binti yangu, leo umepatia."

Ananijibu, "Ni dengu zako hizo baba, za kwenye mfuko."

Mwanangu Mundhir anacheka. "Si tutanunua nyingine sokoni, baba."

Sokoni! Za sokoni usipozimwagilia zinakufa. Za mama yake zinaishi kwa unyevu wa mvua iliyopita. Eti sokoni.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikupa kopo moja la dengu hizo hizo. Mwambie mama Ghanim asibandike chungu. Nimeshavaa viatu, nakuja.