Kuku wa Chini ya Mimbari

Rafiki yangu Mwalimu Kirimi,

Leo ni miezi miwili tangu tukuzike, na kiti chako pale hotelini, kwa chai ya saa nne, bado hakuna anayekikalia. Nadhani wanaogopa utarudi uwaulize swali. Hapa kwetu Kiirua ni baridi kama ulivyopaacha, viazi vimeshikwa na ugonjwa wa majani, na mimi nimekukasirikia, kwa sababu umenifanya nilie ndani ya banda la kuku, mzee mzima.

Acha nianzie mwanzo, maana wewe ulipenda mambo yapangwe.

Unaikumbuka Jumapili ile ya mavuno. Akina mama walileta kuku mwekundu wa kumpa mhubiri mgeni, tukamfungia kanisani Jumamosi jioni, na asubuhi hayupo. Mimi ndiye niliyekuwa mzee wa kanisa mwenye ufunguo. Kamati ikakuomba wewe, mwalimu wa hesabu, uwatafutie ukweli. Ukachukua ubao wa watoto wa Shule ya Jumapili, ukaandika kwamba mlango ulifungwa, madirisha yana vyuma, ufunguo ni mmoja, na ufunguo ulilala kwa Mutwiri. Ukapiga mstari chini. Jibu likawa mimi.

Mwalimu, hesabu ile ilikuwa nzuri. Nilitafuta kosa nikalikosa. Wanakamati walipopiga makofi, mikono yangu nusura ipige pia. Nyumbani, mke wangu hakuniuliza kama niliiba. Aliniuliza tu, "Ulikula na nani?" Nikala githeri ya mahindi na maharagwe bila kitunguu mwezi mzima.

Ufunguo nikanyang'anywa. Kisha Jumapili moja, mchungaji akiwa katikati ya maombi, tukasikia vifaranga. Kuku mwekundu akatoka chini ya mimbari na watoto saba nyuma yake, amenona, maana alikuwa akipitia ubao uliolegea na kwenda kula mahindi ya sadaka. Kanisa zima likakugeukia. Ukasimama, ukarekebisha miwani, ukauliza, "Na jogoo aliingiaje, kama ufunguo ulikuwa kwa Mutwiri?"

Baadaye ukaniambia hesabu yako haikuwa na kosa, ila kuku ndiye aliyekosea. Ufunguo nilirudishiwa. Pole sikupewa.

Miaka kumi na moja tumekunywa chai pamoja nikiingoja pole hiyo. Na mimi nikafanya hesabu yangu, maana tabia hiyo uliniambukiza. Mtu mwenye majuto huomba msamaha. Kirimi ana mdomo, na anautumia kwa kila jambo, kuanzia bei ya mbolea mpaka umbali wa mwezi. Hajawahi kuniomba msamaha. Basi Kirimi hajuti, na kama hajuti, hanihesabu kuwa mtu. Nikapiga mstari chini. Siku ya mazishi nilibeba jeneza lako nikiwa na jibu hilo kifuani, na lilikuwa zito kukushinda wewe.

Juma lililopita mke wako, Mama Kendi, aliniita nimtengenezee banda la kuku. Nikiwa nimeinama na nyundo, nikamsikia akisema, "Mutwiri, toka hapo, wachana na mahindi." Nikaitika, nikamwambia sijashika mahindi yoyote. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke. Kumbe alikuwa akisema na jogoo.

"Hii ni ya nne," akaniambia. "Zote ziliitwa wewe. Mwalimu alinunua kifaranga ya ile kuku ya kanisa, na kila asubuhi akifungua hapa alikuwa anaiambia, 'Mutwiri, nisamehe.' Nikamwambia aende akwambie wewe. Akasema bado anatafuta vile ataanza."

Miaka kumi na moja, Mwalimu, na nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo nilipolia, nikisingizia vumbi. Sababu zangu zote nilikuwa nimezipanga, hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo, na jibu lilikuwa uongo mtupu. Nilikukasirikia kwa kumwambia jogoo badala yangu. Nikajikasirikia zaidi kwa sababu hata mimi sikuwahi kuvuka barabara asubuhi moja nikakuuliza.

Mama Kendi amenipa huyo jogoo. Nimembadilisha jina, sasa anaitwa Kirimi, na kwa kelele hamna tofauti. Kila asubuhi nikimfungulia namwambia, "Yaliisha kitambo. Na wewe nisamehe." Ananitazama upande, kwa jicho moja, vile ulivyonitazama kila nilipotoa jibu lisilo sawa. Kisha anaenda kula mahindi yangu.

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi jambo moja. Siku nitakapotaka tena kupiga mstari chini ya jina la mtu, nitaenda kwanza niangalie chini ya mimbari. Magoti yananiuma siku hizi, lakini nitainama.

Mutwiri wako