Kiti cha Nassiwa Siku ya Kwanjula

Kyanjovu, Masaka
14 Januari 2024

Mpendwa kaka Kayondo,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Doha? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi miili ni mizima, ila mioyo ina huzuni, na nakuandikia usije ukasikia kwa watu.

Unawakumbuka wale wa chuo kikuu waliompa binti yako kiti cha magurudumu? Mkubwa wao, Dokta Mutyaba, alikuwa akija kufundisha kijiji jinsi ya kuishi na walemavu. Wa kwanza kugombana naye nilikuwa mimi, maana alisema Nassiwa asalimie wazee akiwa kitini. Binti wa Kiganda asipige magoti, nikaona hiyo ni kufuru. Alinilainisha kwa maneno matamu hadi nikawa mimi ndiye ninayewanyamazisha majirani.

Basi mwanawe, Ssekitto, akampenda Nassiwa, naye akapendwa. Tukashona magauni ya gomesi, tukatafuta kuku wa kufunga kwenye majani ya migomba. Kwanjula, siku ya wakwe kuja kujitambulisha kwetu, ikiwa keshokutwa, Dokta akanipigia simu.

"Shangazi, siku hiyo mshusheni mkekani. Wazee wangu hawawezi kusalimiwa kutoka juu."

Nikamuuliza yale mafundisho yake yameenda wapi. Akanijibu kwamba ile ilikuwa kazi, hii ni familia. Mtu mzima na elimu yake yote, hakuona haya.

Nilitaka kuvunja shughuli. Nassiwa akakataa, akasema niwaache waje.

Wakaja na kanzu zao na vikapu vyao vya posa. Nassiwa akajishusha mwenyewe kitini, akajiburuza mkekani, akawasalimu mmoja mmoja hadi kwa Dokta. Wakapiga vigelegele, wanafiki wale. Kisha nikamuuliza Nassiwa, kama ilivyo desturi ya binti kumkubali mchumba, tuvipokee vikapu? Akamtazama Ssekitto kwa muda mrefu. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa.

"Heshima yao nimewapa, shangazi," akasema. "Vikapu warudi navyo."

Chakula kilipoa bila kuliwa. Dokta aliondoka hata kuaga hakuaga, na mwanawe nyuma yake.

Kijiji kizima kinamsifu Nassiwa, nawe najua utataka kumpongeza. Usimpongeze, kaka. Mpigie umsikilize tu. Anashinda akilia chumbani. Alimpenda yule kijana, na pale mkekani alikuwa akimngoja aseme neno moja.

Mama anakusalimu sana, na shemeji Kiwuuwa pia. Wasalimie wenzako wa chumbani. Mungu akutunze ugenini, akurejeshe na nguvu zako.

Dada yako akupendaye daima,
Nambooze