Chupa Namba Kumi na Tisa

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Anti hajambo? Na tumbo lako je, limetulia au bado linakusokota? Mimi mzima kabisa. Nimenenepa, na lile koti la maabara uliloliona kwenye picha ukasema limenivaa badala ya mimi kulivaa, sasa linanienea.

Kazi bado ile ile, kupima pombe kali zinazouzwa madukani. Wakaguzi wakizileta, zinakuwa zimeshabanduliwa lebo na kupewa namba, tusije tukampendelea mtu. Mashine moja hutafuta methanoli, ile spiriti inayopofusha macho; nyingine hutafuta madini. Hatuonji hata tone, lakini harufu inaingia nguoni. Mama mwenye nyumba wangu alivumilia miezi minne, juzi akanikalisha sebuleni, akaniambia kwa upole kwamba hata marehemu mumewe alianza hivi hivi, na kwamba yupo tayari kunisindikiza kwa mshauri. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Hilo nalo akalihesabu kuwa dalili.

Mkuu wetu tunamwita Bi Tone, kwa kuwa hakubali hata tone lizidi. Jumatatu ya wiki iliyopita alinikabidhi kreti ya chupa ishirini. Kumi na nane za mwanzo zilikuwa safi. Ya kumi na tisa haikuwa na shida ya methanoli, nikaanza kufurahi, lakini kwenye mashine ya madini namba zikapanda zikagoma kushuka. Nikasafisha mirija, nikarudia. Zikapanda vile vile. Bi Tone akaja, akavaa miwani, akapaza sauti: "Hii ina risasi! Tena nyingi!"

Mlinzi alikuwa akipita koridoni, na alichosikia ni risasi tu. Akapuliza filimbi, akafunga geti, akajitupa chini ya gari la mkurugenzi. Ilituchukua robo saa kumwelewesha kwamba ni madini ya risasi, yale ya kulehemia, si ya bunduki. Alitoka na oili mgongoni, akasema kwa vyovyote vile, yeye kitu chenye risasi hanywi.

Na hakukosea. Risasi haina harufu, wala haikuangushi siku moja kama methanoli. Inajikusanya mwilini polepole, inasokota tumbo, inalegeza mikono, na mwenyewe anadhani ni uzee.

Sasa Mjomba, kama umesimama, kaa.

Nilipoifungua chupa ile kurudia kipimo, niliinusa vizuri. Nanasi, na nyuma yake tangawizi iliyochomwa. Simjui mwingine anayeichoma tangawizi kabla ya kuitia. Nimekulia kando ya mtambo wako, nikifanya hesabu za shule juu ya pipa lililopinduliwa. Harufu ile naijua kama sauti yako. Nikakumbuka barua yako ya mwaka jana, ulivyojisifu kwamba bomba la shaba limetoboka na fundi amekufungia rejeta ya lori kuukuu, inapoza mvuke haraka maradufu. Rejeta za zamani zimelehemiwa kwa risasi, Mjomba, na pombe kali ikipita humo inaiyeyusha kidogo kidogo.

Nikuambie na lile ninaloona haya kuliandika. Bi Tone alipotoka, niliishika chupa yako juu ya sinki. Ningeimwaga nikasema imeniponyoka, nani angejua? Nilikuona akilini umesimama mlangoni kwako, na leseni yako kwenye fremu ukutani. Halafu nikawaza hilo tumbo lako, na mikono ambayo mama anasema siku hizi inaangusha vikombe. Nikairudisha kwenye kreti, nikaenda kumweleza Bi Tone kila kitu. Akanitoa chumbani, akampa mwenzangu apime upya. Majibu yakawa yale yale. Wale waliokuja Alhamisi wakafunga mtambo wako na kuzoa chupa zako madukani, wale uliomwambia mama kwamba wana roho mbaya, ni mimi niliyewaleta.

Leseni haijafutwa, imesimamishwa tu. Ng'oa rejeta, funga bomba jipya la shaba lisilo na risasi popote, kisha pombe itapimwa tena. Watapima wengine, mimi nimejitoa. Lakini kabla ya bomba, nenda hospitali leo hii, wewe na Anti na kila anayeonja hapo kwako, mkapimwe risasi kwenye damu. Usimwambie daktari ni vidonda vya tumbo, wimbo huo umemwimbia mwaka mzima. Mwonyeshe barua hii. Nimeuliza, nikaambiwa ikijulikana mapema inatibika.

Ningepiga simu, lakini ungenikatia kabla sijalifikia neno hospitali. Barua utaikunja kwa hasira, halafu utaikunjua. Ndiyo maana nimempa mkaguzi aje nayo mkononi. Ni mtu mwema, usimfungulie mbwa.

Mpe Anti salamu zangu, mwambie namtegemea yeye akushike mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Najua utaninunia. Nuna tu, Mjomba. Ninunie hata miaka thelathini, mradi uwepo wa kuninunia.

Ni mimi mpwa wako,
uliyenilea mwenyewe.