Ubeti wa Stambuli

Jumatano, 9 Julai 2025
Nimemkuta mama hapa Kinole ana nafuu, alhamdulillah. Anakula, anatembea mpaka kwenye migomba. Sauti tu ndiyo haijarudi tangu apasuliwe rovu la shingoni. Na Jumamosi Asia, mtoto wa dada, anatolewa nje. Wimbo wa kumtoa mwali huanzishwa na mama miaka yote. Sasa nani? Mimi nikiimba kuku wanakimbia. Nikamtaja binti yangu Shadia. Mama mdogo Raya akaguna: huyo wa Mafiga mjini, wa singeli? Basi yeye haitikii. Na Raya asipoitikia, wanawake wa ukoo wote kimya, mwali hatoki. Mama akanong'ona: aje, nimsikie.

Alhamisi, 10 Julai
Shadia kafika na spika yake. Kaamkia wazee wote, mmoja mmoja — nimefarijika. Wimbo kajifunza kwenye simu, alikomrekodi bibi yake mwaka juzi. Kiluguru hajui, kameza tu.

Ijumaa, 11 Julai
Baada ya swala ngoma zikaoteshwa moto mpaka ngozi zikakaza. Shadia akaimba. Sauti safi, ila mbio mbio. Ubeti wa kwanza, wa pili, vizuri. Wa tatu akaimba, kwa Kiluguru kilichonyooka: Stambuli, punguza mkono, unanifunika.

Ngoma zikanyamaza. Mzee Stambuli, mpigaji wa ngoma kubwa, akaitazama mikono yake. Halafu watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Siku ile ya kurekodi mama alikuwa anamkemea Stambuli humo humo kwenye wimbo, na mtoto kabeba vyote akidhani ni ubeti!

"Nisamehe bibi, nitautoa." Machozi yanamlenga.

Raya: "Si nilisema?"

Mama akamvuta mjukuu wake mkekani. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Usiutoe. Huyu nimemwambia tangu ujana wetu, leo ndiyo kasikia."

"Nimesikia, dada Mwanvita," Stambuli akajibu. "Kwa mdomo wa mtoto mkali zaidi yako."

"Ila mbio za nini, mjukuu wangu? Mwali anafukuzwa?"

Shadia akasema Asia mwenyewe ndiye anayeutaka hivyo. Mama akafikiri. Mpaka mlangoni taratibu, akasema. Akishakanyaga uani, kimbizeni.

Raya akaenda kukuna nazi. Mimi nalala nikishukuru — sikutegemea kumsikia mama akitania tena.

Jumamosi, 12 Julai
Naandika nimekaa kibarazani, kalamu imeazimwa na mtoto imerudi haina kifuniko. Asia yuko mlangoni, kafunikwa kanga, hatua haziendi mpaka wimbo uitikiwe. Shadia kaanza, taratibu kama alivyoambiwa. Wanawake wanamtazama Raya. Raya anatazama milimani. Ubeti wa kwanza umepita bila jibu. Wa pili vilevile. Shadia haachi — jasho, lakini haachi. Mama kamshika mkono.

Wa tatu. Stambuli mwenyewe kapunguza mkono kabla hajaambiwa.

Raya kasimama. Anajifunga kanga kiunoni, anaikaza, anaitikia. Naweka kalamu, niitikie nami.