Mawe ya Jiko la Mama

Kibwezi,
Jumapili

Kwa mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye shamba la mkonge. Natumaini mvua imewakumbuka huko Mwingi, na kwamba ule mguu wako unaouma asubuhi sasa unakuruhusu kufika kanisani bila fimbo. Ningependa kuandika kwamba mimi ni mzima, kama watu wanavyoandika siku zote, lakini ukiuona mwandiko huu utajua nadanganya. Herufi zinaegemeana kama ng'ombe wa kiangazi. Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Usishtuke, sifi. Nitakueleza yote. Ila nakuomba jambo moja kwanza: safari hii usimpe Kyalo akusomee. Ndugu yangu nampenda, lakini huruka mistari isiyompendeza. Mwaka jana nilimwandikia aache kuazimisha watu baiskeli yangu, nawe hukulisikia neno hilo. Mpe mke wake, Wanza, asome, na Kyalo akae hapo kwenye kiti asikilize mpaka mwisho. Barua hii ni yake kuliko yako.

Jumamosi wiki mbili zilizopita sikuwa kazini. Msimamizi wetu aliniletea pikapu yake nimbadilishie oili, nikaifanyia kazi nje ya nyumba yangu. Gereji ya shamba hufungwa siku hiyo, na vile vyuma vya kuegemezea gari hubaki humo ndani. Sikujali. Nilikwenda kambi ya zamani, ambako vibarua walihama siku nyingi, nikabeba mawe mawili makubwa kutoka pale walipokuwa wakipikia. Yalikuwa bapa juu na yamelingana kimo, ungedhani yamechongwa kwa kazi hiyo. Nikainua pikapu kwa jeki, upande mmoja kisha wa pili, nikaiacha mbele imekalia mawe, nikaingia chini na spana.

Nati ya oili ilikuwa imekaza. Nilivuta mara mbili. Mara ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka motoni. Sikungoja kujua ni nini. Nilijitupa nje, kichwa na kifua vikatoka, mkono wa kulia ukabaki. Mama, nililia kama mtoto, na sioni haya kukwambia.

Jirani yangu Mzee Salim, dereva wa trekta anayetoka Kitui mjini, alikuja mbio na wanaume wanne na mti mrefu, wakainua gari. Hospitalini waliunga mfupa, lakini vidole viwili vya mwisho havikuokolewa. Kazi sijafukuzwa. Wameniweka stoo mpaka plasta itoke, na huko nahesabu misumari kama mzee anayesubiri pensheni.

Mzee Salim alipokuja kuniona alileta kipande cha lile jiwe ndani ya mfuko. Akanionyesha sehemu ilipopasuka: nyeusi, nyufa tupu. Akasema, "Muthoka, hili lilikuwa figa. Jiwe lililokula moto miaka na miaka, nje utaliona jiwe, ndani limekwisha."

Maneno hayo nilikuwa nimeshaambiwa. Unakumbuka Desemba nilipokuja likizo. Kyalo alikuwa amekujengea jiko jipya, na mafiga yako matatu yakabaki nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyemwambia tuyatumie kuinulia gari alilotuachia baba. Ulitoka na mwiko mkononi ukasema, "Mawe yangu myaache. Yamewapikia watoto tisa, yamechoka." Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko Kyalo, nikakwambia sisi ni watu wa kanisa, hayo ni mambo ya kizamani, na jiwe halichoki. Ulirudi jikoni na mwiko wako. Gari lilikaa juu ya mawe mchana kutwa bila kuanguka, tukaona tumeshinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nimevunjika mkono.

Sasa Kyalo, nisikilize. Najua hubadilisha oili kila mwisho wa mwezi, kabla ya kupeleka ndengu sokoni. Najua unatumia mawe yale yale, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokufundisha. Nilikufundisha vibaya. Kila nikifumba macho nakuona wewe pale chini, na naogopa.

Nenda kwa mjomba Kilonzo, mchonga viti, akukatie vipande vinene vya mti wa mukau uliokauka. Vipange viwili, kisha viwili vingine kwa kukingama juu yake, kama unajenga ghala. Gari lisimame mahali pagumu, si kwenye mchanga, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi mbele na nyuma, na watoto wakae mbali. Jeki ni ya kuinulia tu, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu la akiba lilaze chini ya gari, likianguka likutane na hilo kabla yako. Halafu, kabla hujaingia, lisukume kwa bega kwa nguvu zako zote. Kama ni la kuanguka, lianguke ukiwa umesimama nje. Na kama mjomba hana mukau wiki hii, oili ingoje. Ndengu nazo zingoje.

Nisalimieni huyo mjomba, na shangazi Mbula anayeuza mitungi, na mchungaji, mwambieni nashukuru kwa maombi hata kama hakujua anaombea nini. Wanza, asante kwa kusoma. Watoto wabusuni.

Mama, nina ombi la mwisho. Wanza akimaliza kusoma, Kyalo ayabebe yale mawe matatu mwenyewe, moja moja, ayarudishe jikoni kwako. Ayapange, awashe moto, akuchemshie chai juu yake huku ukimwangalia. Wanza aniandikie kwamba umeinywa. Nitaingoja barua hiyo.

Mwanao aliyekucheka,

Muthoka